Kitambaa cha Maji ya Moto

Mke wa nahodha alikuwa hasikii harufu yoyote tangu augue, mwaka wa pili sasa. Wageni walipoziba pua ndani ya boti yake na mumewe, yeye aliwatazama kama mtu aliye ndotoni.

Asubuhi hiyo, miale ya jua kutoka majini ikichezacheza darini, mumewe alipiga magoti chooni. Tangi la choo alishalisafisha, dawa alishamwaga, lakini uvundo uling'ang'ania kama mgeni asiyejua kuaga. Akaufuta mpira wa kutolea uchafu kwa kitambaa cha maji ya moto, akakinusa, akakunja uso.

"Mchawi ndiye huyu. Mpira umenywa uvundo hadi ndani."

"Hebu lete," mkewe akasema, akakipeleka puani kwa mazoea tu. Akanusa tena, machozi yakimlengalenga.

"Mume wangu, kinanuka!"

"Si ndivyo nilivyokwambia?"

"Nakisikia mimi!"

Nahodha akaketi sakafuni, akacheka hadi akakohoa. Adhuhuri alifunga mpira mpya, na uvundo ukaisha. Mkewe alishinda akizunguka botini taratibu, akinusa sabuni, mbao zenye unyevu, na kola ya shati la mumewe.