Mlango Ulioitwa kwa Jina la Mwenzake

Siku niliyoota ndoto hii sikulala kwa sababu ya usingizi, nililala ili nikimbie. Ilikuwa saa nane mchana, jua limewaka juu ya bati la hosteli, nami nilijitupa kitandani na viatu vyangu nikijiambia kwamba nipumzike kidogo, akili itulie, halafu niamue. Chediel, ambaye nimekaa naye chumba kimoja tangu mwaka wa kwanza, alikuwa ameniletea barua yake ya maombi saa nne asubuhi. Sote wawili tulikuwa tukisaka nafasi za mafunzo kwa vitendo katika benki za uwekezaji, zile zinazosimamia kampuni kubwa zinaponunuana na kuuza hisa. Tangu muhula uanze kila mmoja wetu alikwisha kutuma maombi zaidi ya ishirini na kujibiwa "tunasikitika kukujulisha", au kutojibiwa kabisa. Tulikuwa tumechangiana hata kununua shati moja jeupe la usaili, kwa makubaliano kwamba atakayeitwa kwanza ndiye atakayelivaa kwanza. Shati hilo lilining'inia nyuma ya mlango miezi minne bila kuvaliwa. Sasa ilibaki benki moja tu, Upeo, nayo kila mwaka huchukua mwanafunzi mmoja kutoka chuo chetu.

"Nimeshaituma," Chediel aliniambia, "ila mfumo wao unaruhusu kurekebisha mpaka saa kumi jioni. Hebu ipitie, Sosthenes. Wewe una macho ya fundi saa."

Niliipitia. Katika aya ya tatu, mstari wa pili, alikuwa ameandika: "Tangu utotoni sijatamani kufanya kazi popote ila Zumaridi." Zumaridi ni benki nyingine, iliyomkataa mwezi uliopita. Alikuwa amenakili barua ya zamani, akabadilisha jina juu na chini, akalisahau katikati. Nami pia nilikuwa nimeomba Upeo.

"Vipi, umeisoma?" aliuliza kutoka mlangoni, mswaki mdomoni.

"Nimeisoma."

"Basi poa, kaka. Tukiikosa na hii tunafungua banda la chipsi. Mimi niite wateja, wewe umenye viazi, maana ukiita wewe watadhani tuna msiba." Akacheka, akaenda zake darasani.

Sikumwambia. Wala sikuamua kutomwambia. Nililiweka jambo lile pembeni kama mtu anayeweka sufuria chini ipoe kwanza, nikaenda darasani, nikarudi, nikala, na kila nilipolishika nililiona bado lina moto. Hapo ndipo nilipojilaza, na usingizi ukanichukua.

Nikajiona katika nchi tambarare isiyo na mti wala kilima, ila milango. Milango ilisimama wima peke yake bila nyumba nyuma yake, mirefu, mizito, kila mmoja umechongwa jina lake juu ya kizingiti. Ardhi yote ilifunikwa na karatasi kavu kama majani ya kiangazi, na kila nilipokanyaga zilinong'ona chini ya soli, "Tunasikitika, tunasikitika." Vijana walikuwa wengi mno, wamebana barua vifuani kama washenga wanaopeleka posa, lakini mshenga hupeleka posa kwenye nyumba moja, na hawa walikuwa na posa za nyumba thelathini, zote zikiapa kwamba binti huyu ndiye na hakuna mwingine. Kando ya njia alikaa fundi cherehani aitwaye Sifa, akiwashonea wapita njia mabega mapya, na aliyewahi kushika daftari la mahudhurio ya klabu kwa wiki mbili aliondoka pale na mabega ya mkurugenzi, akipita kwa ubavu ili yasikwaruze wenzake. Mbele kidogo alikuwa bibi mmoja, Ulinganisho, mwenye mizani ya sokoni. Alimpima kila kijana dhidi ya aliyesimama karibu naye, na ajabu yake ni kwamba wote wawili waliondoka wepesi kuliko walivyokuja. Na katikati ya umati alikimbia msichana aitwaye Haraka, mguu mmoja kiatu, mwingine ndala, akikusanya barua na kuzigawa upya bila kutazama ipi ya nani.

Nikiwa nimesimama nikishangaa, mtu alinishika mkono. Alivaa kanzu nyeupe iliyonyooshwa vizuri, na viganja vyake vilikuwa laini. Hakuniambia jina lake, nami sikumwuliza, kwa kuwa upole wake na utaratibu wa maneno yake ulinitosha kuamini kwamba ni Busara. Tukatembea pamoja. Mbele yetu, umbali wa kutupa jiwe, nikamwona Chediel peke yake, amevaa fulana ileile ya kijani aliyoivaa asubuhi, akiukaribia mlango ulioandikwa Upeo huku akifanya mazoezi kwa sauti: "Ewe Zumaridi, tangu utotoni..." Kivuli cha mlango ule kilikuwa kinatambaa ardhini kuelekea jiwe moja jeusi.

"Sheria ya nchi hii ni fupi," mwenzangu alinieleza. "Kivuli kikifika kwenye jiwe, hakuna tena anayebisha. Na mlango ukiitwa kwa jina la mwenzake, hugeuka ukuta."

"Basi nimwite!"

"Pima kwanza, mwanangu. Ukimwita ghafla atashtuka, ajikwae. Tena una hakika gani? Huenda wenye mlango hawafiki mstari wa pili. Barua hukuiandika wewe. Uliulizwa kama umeisoma, nawe ulijibu kweli. Mtu aliyefunga mdomo, ni baraza gani limewahi kumwita shahidi?" Maneno yake yalishuka taratibu kama uji mwororo, nami niliyameza moja baada ya jingine. Kila nilipomeza, kivuli kilisogea.

Tulipofika njia panda tukamkuta mwanamke amesimama juu ya tofali, gauni limejaa tope, sauti imemkauka kwa kupiga kelele. "Wewe! Hilo bega si lako! Wewe dada, barua uliyoshika ni ya mwenzio, geuka!" Wengine walimtupia karatasi, wengine waliziba masikio. Nikamwuliza mwenzangu, "Kichaa huyu ni nani?" Kwa mara ya kwanza hakujibu, akaubana tu mkono wangu.

Mwanamke akaangua kicheko. "Kichaa? Mimi ndiye Busara, mjomba. Na huyo mliyeshikana naye mikono kama maharusi, unamjua?"

"Nilidhani ndiye wewe."

"Wote hudhani. Kanzu hiyo ni yangu, niliianika akaiiba. Huyo ni Kimya. Simsemi vibaya kila siku, maana kuna siku hukaa na wafiwa, kuna siku husitiri aibu ya jirani, na siku hizo namwazima kanzu mwenyewe. Lakini leo mfunue uone amebeba nini."

Nikashika pindo la kanzu nikalipandisha. Chini yake, amekibana mapajani, palikuwa na kigoda kimoja kidogo, na nilijua bila kuambiwa kwamba ndicho kigoda pekee kilichokuwa nyuma ya mlango wa Upeo, na kwamba alikuwa amenibebea mimi.

Nikajitutumua nimwite Chediel. Mkono ukapanda ukaniziba mdomo. Nikaukamata kwa mkono wangu mwingine nikauvuta kwa nguvu zote, na nilipoutazama niliona kovu la wembe kwenye kidole gumba, kovu langu la darasa la tano. Mkono ulikuwa wangu. Kule mbele Chediel aliinua uso, akasema kwa adabu, "Ewe Zumaridi," na mlango ukageuka ukuta bila kishindo, tofali juu ya tofali. Hakuelewa. Aliendelea kubisha polepole kwa kifundo cha kidole kimoja, kama anavyobisha chumbani kwetu akijua ninasoma. Kisha akageuka, hana hasira, akaniuliza kwa mbali, "Vipi, umeisoma?"

Nikaamka. Simu ilionyesha saa kumi na dakika kumi na saba. Chumbani palinuka nguo yenye joto. Chediel alikuwa ametandika blanketi mezani, anapiga pasi shati letu.

"Umefufuka?" alisema. "Wanasema Upeo wataita mtu wiki hii. Nimeona nilinyooshe kabisa, iwe wewe, iwe mimi, lisitutie aibu."

Tangu utotoni nimesifiwa kwa utulivu. Shuleni, kanisani, nyumbani, watu walisema Sosthenes hakurupuki, hahukumu mtu upesi, nami nimeivaa sifa hiyo miaka yote bila kuuliza kanzu ni ya nani. Nilikaa kitako kitandani, viatu bado mguuni, nikaitafuta sauti yangu nikaipata ikiwa imekauka.

"Chediel. Aya ya tatu. Umeandika Zumaridi."

Alicheka kwanza, akidhani namtania. Kisha akatoa simu, akasoma, akasoma tena, na kicheko kikazimika usoni kidogo kidogo.

"Umeona saa ngapi?"

"Saa nne."

"Saa nne nilipokuuliza?"

"Ndiyo."

Nilingoja anitukane. Tusi lingenisaidia. Yeye alichomoa pasi ukutani, akafunga vifungo vya shati kimoja kimoja mpaka shingoni, akalitia kwenye hanga. Hakulirudisha nyuma ya mlango. Alilitundika kwenye nguzo ya kitanda changu, akalinyoosha kola kwa vidole viwili.

"Utalivaa wewe kwanza," alisema, akatoka, akaurudisha mlango taratibu nyuma yake.

Niliinua mkono nikaligusa. Lilikuwa bado na joto la pasi.