Kikombe cha Bati

Mimi ni mkunga, na nina mdomo. Waulize wanaume waliowahi kuingia wodini kwangu na viatu vya matope. Nimewafokea madaktari, nimewafokea wakwe za watu, na siku moja nilimfokea Paroko mwenyewe alipokuja kubariki wagonjwa sakafu ikiwa bado mbichi. Kwa hiyo nikisema kuna siku nilinyamaza, mjue ni jambo zito.

Ni miaka tisa sasa. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, njiti wa kuenea kiganjani, anapumua kwa kubahatisha. Mama yake, fundi cherehani wa mtaani kwetu, alikuwa kwenye machela akikimbizwa kwenye upasuaji. Akanishika mkono. "Dada, akizidiwa, mbatize. Usimwache aende hivi hivi."

"Ondoa shaka," nikamwambia.

Kila Mkatoliki anajua hili: mtoto akiwa katika hatari ya kufa, mtu yeyote anaweza kumbatiza. Maji kidogo kichwani, maneno yale machache, basi. Hata padri harudii tena. Nikachota maji kwa kikombe changu cha bati, nikaenda kwenye mashine ya joto. Nikamkuta daktari mpya, nadhifu, na wanafunzi wa uuguzi watano nyuma yake. Akanitazama mimi, akatazama kikombe, akatabasamu.

"Vipi nesi, unataka kumfanyia uganga?"

Wanafunzi wakacheka. Jamani, mimi niliyemfokea Paroko! Uso ukaniwaka moto. "Nina kiu tu, daktari," nikasema. Nikayanywa yale maji mbele yao, yote, mpaka tone la mwisho.

Nilijiambia wakiondoka nitarudi. Walipoondoka nikaitwa kwa mzazi mmoja, halafu mwingine, na niliporudi mtoto alikuwa na rangi nzuri, anarusharusha mguu. Mama yake alipozinduka hakuuliza kwanza kama mtoto yu hai. Aliuliza, "Umembatiza?"

Nikasema ndiyo. Akalia, akanibusu mkono, mkono ule ule ulioshika kikombe.

Mtoto alipopata nguvu tulimpeleka kanisani. Paroko akaniuliza kama nilimimina maji na kutamka maneno. Nikasema ndiyo kwa mara ya pili. Akampaka mafuta ya krisma, akamwashia mshumaa, maji hakummiminia. Kwenye daftari la ubatizo jina langu likaandikwa mara mbili: aliyebatiza, na mama wa ubatizo. Nyumbani tukamwita Kijiko, maana alikua kwa maziwa ya kijiko. Kila akitia mguu kwangu: "Shikamoo, mama wa ubatizo!" Naitikia marahaba, upesi nageukia mambo mengine.

Alhamisi iliyopita niliitwa kwao kuona gauni. Jumapili Kijiko angepokea komunyo ya kwanza. Alikuwa amesimama juu ya kigoda, mweupe pee kuanzia mabegani hadi miguuni, mama yake kapiga magoti na pini mdomoni.

"Leo mwalimu katuuliza sakramenti ipi ni mlango wa nyingine zote," Kijiko akasema. "Nikajibu ubatizo. Halafu nikawaambia mimi nilibatizwa kwa kikombe, na aliyenibatiza ni jasiri, haogopi mtu. Wenzangu wote wamenionea wivu!"

Mama yake akacheka na pini zake. Mimi nikasema nimeacha chungu jikoni, nikatoka. Sikuwa na chungu chochote jikoni.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye kitubio. Miaka tisa nilikuwa naungama hasira na umbea, hili nalikwepa kama shimo la barabarani, kisha napanga foleni ya komunyo na watu wema. Siku hiyo nikalitoa lote, hadi tone la mwisho la yale maji.

"Yule mtoto hajabatizwa," Paroko akasema. "Kitubio chake cha juzi, komunyo ya Jumapili, vyote vimesimama hewani. Nami nikitoka hapa siwezi kumwambia mtu. Nenda kwa mama yake. Leo hii."

"Baba, ataniona mnyama."

"Huenda."

Hakunipunguzia hata kidogo. Nikarudi. Kijiko alikuwa nje anaruka kamba, mama yake anapiga pasi lile gauni. Nikamweleza nikiwa nimesimama, maana sikuona haki ya kukaa. Akaisimamisha pasi.

"Ulikunywa?"

"Nilikunywa."

"Maji ya mwanangu." Akakunja gauni taratibu, mara moja, mara mbili. "Siku ile nililala usingizi kwa sababu yako. Nilisema, hata akifa..." Akanionyesha mlango. "Toka nyumbani kwangu."

Nilitoka. Kijiko akanipungia mkono na kamba yake, nikajifanya sijamwona. Aibu ilinishika hadi masikio, nikapita njia ya nyuma ya nyumba nisikutane na mtu.

Jumamosi asubuhi nilisikia kwamba ubatizo ni saa nne. Mimi sikualikwa. Nikaenda hivyo hivyo, nikajibanza nyuma ya nguzo ya mwisho. Mbele, kando ya kisima cha ubatizo, Kijiko alisimama na gauni lake, na shangazi yake kamshika bega. Huyo ndiye mama mpya wa ubatizo. Nilistahili, lakini iliniuma, sifichi.

Basi nikamwona mama yake Kijiko anakuja, anapita katikati ya viti vitupu, moja kwa moja hadi kwenye nguzo yangu. Mkononi ana kikombe cha bati, kimejaa maji.

"Amelia tangu jana," akasema. Hakunitazama usoni. "Nimemwambia yote. Bado anasema maji ayalete yule yule aliyeyanywa."

Nikafungua mdomo niombe msamaha. Akanisukumia kikombe kifuani.

"Shika," akasema. "Na leo usiyanywe."

Nikakishika kwa mikono miwili, nikaelekea kisimani. Maji yalimwagika kidogo njiani, maana kikombe kilijaa, na mdomo wangu nilikuwa nimeufunga kabisa.