Mpaka wa Pumzi ya Baba

Baba alisimama mara ya tano mbele ya duka la kinyozi. Akashika nguzo ya taa kwa mkono mmoja, na wa pili akaunyoosha kunionyesha vidole vitano, kwa sababu pumzi ya kusema hakuwa nayo. Nikaandika tano kwa penseli kwenye ramani, nikangoja kifua chake kitulie.

"Sita itakuwa pale dukani kwa Feldmeier," akasema alipopata sauti. "Ya saba sitaki hata kuisikia."

"Basi mpaka utaishia kwa Feldmeier, Baba."

"Andika hivyo. Waambie wakubwa wako wa Chicago kwamba serikali nzima imekomea pale yalipokomea mapafu ya Casimir Wozny."

Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Kinyozi akatoka na kiti bila kuulizwa, Baba akakaa katikati ya njia ya waenda kwa miguu, akawa anasalimia wapita njia utadhani ni yeye aliyewaalika. Ilikuwa Aprili 1984, mjini Kerrigan, Ohio, mwaka wa tatu tangu kiwanda cha chuma kifungwe. Sijawahi kumwona akijivunia kazi yangu kama alivyojivunia siku ile.

Kazi yenyewe watu wengi hawajui hata kama ipo. Ofisi ya serikali haiamki tu asubuhi ikapanga vyumba inavyovipenda. Inaomba. Inajaza fomu ya kurasa tatu na kuileta kwetu, idara ya majengo, makao ya kanda. Ukurasa wa kwanza unasema watu wangapi watakaa humo, futi ngapi kila mmoja, na ni nani atakayekuja kuhudumiwa. Wa pili ni ramani yenye mpaka uliochorwa, mitaa minne, kwa maana ya kwamba jengo litafutwe humu ndani na si nje ya hapa. Wa tatu ni wa saini, ya mwombaji na ya afisa wa nafasi. Afisa wa nafasi nilikuwa mimi.

Yule aliyenifundisha kazi, Bi Odessa Pruitt, alikuwa mkali kwa jambo moja tu. Mpaka hauchorwi mezani, alikuwa akisema, mpaka unatembewa, tena utembee na mtu atakayeitumia hiyo ofisi, si na meneja wake. Wenzangu walimsikiliza, wakaitikia, wakaendelea kuchora mezani. Mimi nilitembea. Nilitembea na wajane, na askari wa zamani wenye mguu mmoja, na safari ile nikatembea na baba yangu mzazi.

Aliyeomba nafasi alikuwa Ray Dombek, meneja wa ofisi ya mafao ya walioumia kazini. Ray alizaliwa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mama yake alipolazwa mwaka mzima kwa kifua kikuu, Ray alikula kwetu mwaka mzima, akalala kitanda kimoja na kaka yangu, na ndiye aliyenishikia baiskeli mpaka nikajua kuiendesha. Baba alikuwa akimwita "mwanangu wa bure", kwa kuwa alimpata bila kuhangaika. Sasa ofisi yake ilikuwa ghorofa ya tatu ya jengo la benki, na lifti ilikuwa imekufa tangu majira ya baridi. Wanaume waliokaa mbele ya tanuri miaka thelathini walipanda ngazi zile kwa makalio, kipandio kimoja kimoja, na fomu zao wameziuma mdomoni. Kila miezi mitatu ilibidi mtu afike mwenyewe, aonekane kwa macho kwamba bado ni mgonjwa. Baba naye alikuwa miongoni mwao. Gari alikuwa ameliuza, na Mama hakuwahi kujifunza kuendesha.

Lile duka la zamani la Feldmeier lilikuwa tupu, na mlango wake ulikuwa sawasawa na barabara, bila hata kipandio. Kutoka nyumbani kwetu palikuwa mapumziko sita ya Baba. Ndiyo maana mpaka wa kusini nikaukomesha hapo.

Ijumaa ile ilikuwa ya Kwaresima, na Mama alikuwa amepika samaki na pierogi, yale maandazi ya Kipolandi ya kuchemsha, zilizojazwa viazi na kuogelea kwenye siagi. Ray alikuja, akala sahani mbili kama kawaida yake, akamtania Mama kwamba angemwoa yeye kama Baba asingewahi. Tulipomaliza akaikunjua ramani yangu mezani, akaitazama na kutikisa kichwa.

"Nadine, dada yangu, hii umeichorea kwenye basi? Ina penseli, ina kahawa, ina namba za ajabu ajabu. Wakubwa wako watatucheka wote wawili."

"Hizo namba ni mapumziko ya Baba."

"Najua, na ni nzuri. Ila niache Eunice wa ofisini aichore upya kwa wino, Jumatatu niitume. Wewe una treni kesho. Nitilie saini ukurasa wa tatu tu, nisikusumbue."

Hapo ndipo mtu wa nje atakaposhangaa, lakini sisi tulikuwa tukifanya hivyo kila wiki. Ramani zilichorwa upya mara mbili tatu, na hakuna aliyepanda treni kurudi kutia saini kwa sababu ya wino. Ukurasa wa tatu ulisainiwa mapema, ukangoja wenzake. Nikatafuta kalamu mkobani nikaikosa. Baba akainuka, taratibu, akaenda kabatini, akaniletea ile kalamu ya fedha aliyopewa na kiwanda siku ya kuagwa.

"Saini na hii," akasema. "Angalau ifanye kazi moja ya maana."

Nikasaini, na kidole changu kikaacha doa la siagi pembeni ya jina.

Faili lilipofika Chicago lilikwenda moja kwa moja dawati la mikataba, kama taratibu zilivyotaka, nami nilikuwa nimekwisha kupelekwa Indiana kwa maombi mengine. Miezi sita nikaishi na furaha yangu. Kila nikipiga simu nyumbani, Mama ananiambia Baba yuko kwa kinyozi, anawasimulia wenzake kwa mara ya mia jinsi binti yake alivyoipima serikali kwa pumzi yake. Walikuwa wakimwita Kamishna.

Oktoba nikapokea bahasha yenye mwandiko wake. Ndani hamkuwa na barua. Mlikuwa na kipande cha gazeti la Kerrigan: ofisi ya mafao itahamia jengo jipya kando ya barabara kuu, maili nne kusini ya mji, lenye maegesho ya magari mia na hamsini. Eneo hilo, gazeti likasema, limepitishwa na afisa wa serikali Nadine Wozny, mzaliwa wa hapa. Baba alikuwa amezungushia jina langu duara kwa penseli.

Nikashuka chini kwenye mafaili. Ramani ilikuwa safi, wino mweusi, mistari imenyooka, na mpaka wa kusini ulikuwa umeruka kwa Feldmeier, umeruka makaburi, umeruka mashamba, mpaka barabara kuu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umeongezwa sharti la maegesho, ambalo jengo lolote la mjini lisingeweza kulitimiza. Nikafunua ukurasa wa tatu. Saini yangu. Na doa la siagi, limekauka, likawa rangi ya chai. Nilikaa chini sakafuni kati ya makabati, mtu mzima wa miaka thelathini na nane.

Jumamosi nilikuwa Kerrigan. Ray alinikaribisha ofisini kwake, bado ghorofani, maboksi ya kuhama yamepangwa ukutani. Hakujifanya hajui nilichofuata.

"Kaa, Nadine."

"Sikai."

"Sikuchukua chochote kwa mtu, kama ndicho unachofikiri. Hata kikombe cha kahawa."

"Sasa kwa nini?"

Akajipangusa uso kwa viganja. "Walikuwa wanakuja kila siku. Mtu umemjibu Jumatatu, Jumanne yuko mlangoni anauliza kama jibu limebadilika. Eunice anaanza kulia angali kwenye ngazi. Hawa watu wangu kumi na tisa wanaishi na hao hao wanaowanyima. Wanakutana kanisani, wanakutana dukani. Nilitaka wapumue kidogo."

"Wapumue," nikasema.

Aligundua alichokisema, akaangalia chini.

"Mlango ukiwa mbali, anakuja yule mwenye shida ya kweli tu," akaongeza kwa sauti ndogo.

"Mwenye shida ya kweli hana gari, Ray. Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa."

"Ukachukua saini yangu mezani kwa Mama yangu."

"Mzee wako Kaz nitamchukua mwenyewe kwa gari langu, kila miezi mitatu. Nakuapia kwa roho ya mama yangu."

Nataka kuwa mkweli hata kwa yule mtu. Alimchukua, mara mbili.

Jumatatu nikaingia kwa mkuu wangu, nikamwekea wazi kila kitu. Alinisikiliza mlango ukiwa umefungwa. Alipofungua kinywa aliuliza swali moja: saini ni yangu? Nikasema ndiyo. Akanieleza, bila hata kupandisha sauti, kwamba mkataba wa miaka kumi umekwisha kutiwa saini na mwenye jengo. Nikiandika kwamba nilisaini fomu isiyo na ramani, itabidi wafungue kila faili nililolishika kwa miaka tisa, na wa kwanza kwenda nyumbani nitakuwa mimi. "Fikiria," akasema. Nikafikiria kodi ya nyumba yangu, nikafikiria cheo nilichoahidiwa, nikatoka bila kuandika kitu.

Novemba, sikukuu ya Shukrani, nilimkuta Baba jikoni, peke yake. Kwa kinyozi alikuwa ameacha kwenda. Mama aliniambia pembeni kwamba kuna mtu aliinuka pale akamwuliza Kamishna amewauza kwa bei gani, naye akachukua kofia yake akarudi nyumbani. Nilipiga magoti karibu na kiti chake nikamweleza yote, ramani, wino, maegesho, siagi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alilia kidogo kwa ajili ya Ray, jambo ambalo liliniuma, maana nilitaka alie kwa ajili yangu.

"Umewaeleza wakubwa wako?" akauliza.

"Nimewaeleza kwa mdomo."

"Kwa maandishi?"

Nikatikisa kichwa. Maji yalikuwa yanachemka, akainuka kuyazima, akabaki amenipa mgongo.

"Basi wewe na Ray, wote wawili mmeniombea nafasi," akasema. "Asante."

Hakuwahi kunitukana, wala kulirudia neno hilo. Alikosa kwenda kuonekana mwezi wa Aprili uliofuata kwa kuwa Ray hakutokea, akakosa wa Julai kwa kuwa hakutaka kumwomba jirani. Mwezi wa Agosti wakamwandikia barua kwamba jina lake limeondolewa. Aliikunja akaiweka kabatini, palipokuwa na kalamu. Alifariki Februari 1990, na Ray alikuja mazikoni, akasimama nyuma kabisa. Mama alimpa sahani ya chakula. Mimi nisingempa.

Nilipata kile cheo. Kwa hiyo mwaka 1994, mkataba ulipokaribia kwisha, ombi jipya la ofisi ya mafao ya Kerrigan lililetwa mezani kwangu, kurasa tatu, safi. Meneja alikuwa mwingine. Ray alikuwa amestaafu na kuhamia Florida. Wanaomba kubaki palepale, ila wapunguziwe nafasi kwa theluthi mbili. Kwenye kisanduku cha sababu mtu ameandika kwa mashine: wananchi wanaofika kuhudumiwa wamepungua sana.

Niliisoma sentensi hiyo mpaka chai ikapoa. Kisha nikaomba siku mbili, nikaenda kabatini nikatoa ile ramani ya penseli, ambayo Ray alikuwa amenirudishia kwa posta bila neno.

Nilitoka mlangoni kwa Mama saa saba mchana. Nilisimama kila aliposimama Baba, kila mara kwa muda aliohitaji yeye, nikihesabu moyoni. Kinyozi amekufa, kiti chake kipo. Sita ilikuwa kwa Feldmeier, palipobomolewa pakabaki changarawe. Ya saba, ile ambayo hakutaka hata kuisikia, iliangukia lango la makaburi. Niliiandika, nikaendelea. Baada ya hapo hapakuwa na njia ya waenda kwa miguu, ni majani ya pembeni na malori yanayokupuliza upande. Nilisimama kwenye shamba la mahindi, nikasimama kwenye daraja, nikasimama mahali pasipo na chochote cha kushika.

Nilipofika, maegesho ya magari mia na hamsini yalikuwa na magari manne. Mlinzi alikuwa anafunga mlango wa vioo. Alinitazama nikitembea katika ule uwanja mtupu, nikasimama kwa mara ya mwisho, nikaandika hamsini na saba.

"Kumefungwa tangu saa kumi, mama," akasema kwa upole. "Vipi, gari limekuharibikia?"

"Hapana," nikamwambia. "Nimekuja kwa miguu, kutoka nyumbani kwa baba yangu."

Alinitazama viatu, akatazama barabara nilikotokea, kisha akanifungulia mlango nikae.