Mafuta ya Ng'ombe Ndani ya Kamera

Kifundo cha kuzungushia filimu kiligoma. Clarisse alikijaribu kwa vidole viwili, kikasogea kidogo, kikakaza. Akaacha papo hapo. Marehemu baba yake alimwachia kamera ile pamoja na onyo: ukilazimisha, vitundu vya pembeni mwa filimu vinachanika, na picha zote zinakwenda na maji.

Kwenye filimu ilibaki nafasi ya picha moja tu, na ilikuwa ya nyanya yake, Tate Rébecca. Miaka yote bibi huyo alikataa kupigwa picha, akisema zinamfanya mtu kuwa karatasi. Kilichomlainisha ni kamera hii ya macho mawili, inayopiga picha mbili kwa mpigo. Ukizitazama pamoja kwenye vioo vyake vya kutazamia, unamwona mtu na unene wake, pua yake imetokeza kabisa. Sasa gari la kumrudisha kwake kijijini Fataki lilikuwa mlangoni linapiga honi, na mwenyewe alishatangaza kwamba uzee umemchosha, Bunia hatakanyaga tena. Clarisse alitaka kubaki naye hivyo, mzima mzima.

"Sukuma na nguvu, itaenda tu," alisema kaka yake, Evariste, ambaye kwake nguvu ndiyo dawa ya kila kitu.

Clarisse akainusa kamera, akamgeukia kaka yake. "Yaya, ulitia nini humu?"

"Mafuta ya ngombe, kidogo tu. Jana ilikuwa inalialia. Siye tunapakaaka hata ku mulango! Na ikazunguka bien."

"Jana kulikuwa joto. Asubui hii baridi imeigandisha."

Siku nyingine angemtoa jasho kwa maneno. Leo alicheka tu, maana ugonjwa ukishajulikana, hofu ya nini? Akaifunga kamera kwenye kitenge, akashika njia ya jikoni.

"Ku moto hapana!" Tate alimzuia. "Utaichoma. Mafuta hii naijua tangu nikiwa mutoto. Lete hapa."

Akaipokea, akaisukumia chini ya kitenge chake, kifuani, akaikumbatia kama kichanga. Dereva akapiga honi tena.

"Mwambieni angoje!" Tate alifoka. Honi ikanyamaza.

Walingoja wote, Evariste akijikuna kichwa kwa aibu. Hatimaye Clarisse akaichukua, akazungusha polepole, akisikiliza kwa vidole. Kifundo kilikubali, kikaenda laini mpaka mwisho wake. Alijua kingekubali.

Tate akakaa wima kitini, akanyoosha kilemba. Clarisse akainua kamera usoni. Chuma kilikuwa na joto shavuni pake, joto la mtu. Machozi yakamjaa, haoni kitu.

"Unalia nini?" Tate aliuliza bila kujitikisa. "Piga sasa, mutoto yangu. Moto yangu ingali iko."

Akabonyeza.