Maneno Madogo ya Chini ya Ukurasa

Mwanaheri alifungua bahasha kutoka Ubelgiji juu ya meza ya duka, kando ya miche ya sabuni, akasahau kabisa kuwa kuna mteja anasubiri. Ndani mlikuwa na nakala za kitabu chake. Jina lake lilikuwa pale pale jaladani, ila mengine yote yalikuwa Kifaransa, na Kifaransa yeye hakukijua hata cha kuombea maji.

Mumewe, Salum, ambaye babu yake alifika Ngara na biashara ya nguo kutoka Tanga, alisimamisha nakala moja kwenye rafu ya khanga ili kila anayeingia aione. Ilikuwa mwaka 1995. Kambi za wakimbizi kutoka Rwanda zilikuwa kubwa kuliko mji wenyewe, na dukani waliingia watu wa kila namna.

Barazani pao alishona Nimpaye, Mrundi aliyesomeshwa na masista. Mchana wateja walipopungua alimsomea Mwanaheri kitabu, akikirudisha kwenye Kiswahili sentensi kwa sentensi, na wote wawili walicheka pale mfasiri alipoubatiza ugali jina la Kizungu. Wakafika kwenye sura ya ajuza wa mlimani, anayemficha msichana aliyekimbia mauaji ng'ambo ya mto. Hapo Nimpaye akakisogeza kitabu karibu na macho.

"Vipi?" Mwanaheri aliuliza.

"Dada, hapa chini kuna maneno madogo. Siyo ya hadithi. Ni ya mfasiri."

"Yanasemaje?"

Nimpaye alitazama barabarani kwanza. "Yanasema ajuza huyu yupo kweli. Ni mjane wa Murukulazo, na msichana ni mtoto wa kaka yake. Msichana aliwaona kwa macho yake waliowaua wazazi wake. Yanasema mwandishi mwenyewe ndiye aliyemweleza."

Mwanaheri alizikumbuka barua. Ilikuwa kweli. Mfasiri alikuwa mtu wa maswali, kila barua yalikuja mengine: ajuza umemtoa wapi, mlima wenyewe ni upi. Naye alijibu yote, kama unavyomjibu mgeni mwenye adabu. Katika kitabu cha Kiswahili hakutaja kijiji wala ukoo. Leonsia, mjane mwenyewe, alimsimulia kwa kumwamini.

"Wakubwa wa kambini wanakisoma Kifaransa," Nimpaye alisema. "Wote. Na walioua wamo humo humo."

Salum alikiondoa kitabu rafuni jioni ile. Kesho yake asubuhi akaingia mwanamume mwenye koti safi, akasalimia kwa Kiswahili cha kujifunza, akaomba kitenge. Mwanaheri alipokuwa akikikunja, mgeni akatoa mfukoni kitabu kile kile. Alisema amepewa na Mzungu mmoja wa misaada.

"Kumbe ni wewe. Umeandika vizuri sana. Tafadhali nitilie sahihi."

Mwanaheri alitia sahihi.

"Na yule bibi, mzima? Ningependa kwenda kumshukuru."

"Ni hadithi tu, baba. Hakuna mtu kama huyo."

Mwanamume alifungua ukurasa, akaweka kidole chini kabisa, taratibu. "Hapa wanasema yupo."

Akalipa, akashukuru, akaenda zake bila haraka. Mwanaheri alifunga duka, akaenda kumweleza Salum.

Salum aliazima pikapu ya jamaa yake. Njia nzima hadi Murukulazo Mwanaheri aligeuka nyuma kila alipoona vumbi. Walimkuta Leonsia anamenya ndizi, na Aline, msichana mwenyewe, anaanika maharage.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Leo umekuja na sura ya msiba."

Mwanaheri alimweleza yote, hakupunguza neno. Leonsia aliendelea kumenya mpaka akamaliza.

"Mimi nilikuambia wewe," alisema. "Sikuwaambia Wabelgiji."

"Nisamehe, bibi."

"Hayo baadaye. Mchukue mtoto."

"Na wewe je? Twende wote."

"Nikiondoka, watawauliza majirani tumekwenda wapi, na mmoja atajibu. Nikibaki, nitajibu mimi. Aline, njoo uvae viatu."

Walimvika Aline ushungi wa Mwanaheri, wakakubaliana kuwa ni Mwanaisha, mtoto wa dada yake Salum. Katikati ya msitu wa Biharamulo askari wa kizuizi cha barabarani aliinamia dirisha.

"Huyu nani?"

"Mtoto wa dada yangu," Salum alijibu. "Jino linamuua, hawezi kusema."

Angefungua kinywa tu, askari angejua ni wa ng'ambo, na wa ng'ambo alirudishwa kambini. Aline alishika shavu na kutazama magoti yake. Askari alimtazama, akamtazama tena, kisha akainua mti. Hawakusimama tena mpaka Nyakanazi.

Pale njia panda Swabaha, dada yake Salum, alikuwa na mgahawa. Hakuuliza maswali. Alimwachia mpishi masufuria, akapanda basi la Kahama na msichana siku ile ile. Basi lilipoondoka, Mwanaheri na Salum waligeuza pikapu kurudi Ngara.

Watu walifika kwa Leonsia wiki iliyofuata, mwenye koti akiwa mbele. Walikunywa maji aliyowapa. Aliwaambia msichana amerudi Rwanda na ndugu zake. Walipekua hadi ghala la mtama, wakaaga kwa heshima, na mmoja wao akaendelea kuonekana njiani pale kwa muda mrefu.

Mfasiri aliandika tena: kitabu kinasifiwa, na je, kuna kingine? Mwanaheri alimjibu kwamba maneno yale yafutwe. Mfasiri aliahidi kuyafuta kitabu kitakapochapwa upya.

Aline alijifunza ushonaji Kahama na kubaki huko huko. Kambi za Wanyarwanda zilifungwa mwishoni mwa mwaka uliofuata, na mwenye koti akapotea katika umati, haijulikani alielekea wapi. Mpaka siku hizo, kila kivuli cha mwanamume kilipoangukia mlango wa duka, Mwanaheri alishika ukingo wa meza.

Leonsia bado aliitikia shikamoo yake sokoni. Habari za nyumbani kwake hakumpa tena, na Mwanaheri hakuthubutu kumuuliza.