Njuga Iliyofeli Mtihani

"Kuanzia leo, hakuna pambo la sikukuu litakalotundikwa sebuleni humu bila idhini yangu!" Kiranja alitangaza, kifua mbele. Kisha akakanyaga utepe unaoteleza, akaketi chini bila kupenda.

Jina hilo alilipata kwa cheo chake bwenini. Sasa yuko likizo, na raia wake pekee ni mdogo wake Tingatinga, aliyejifunza kutembea juzijuzi na anayekula kila kitu isipokuwa chakula.

Kipimo cha Kiranja kilikuwa kibomba cha boksi kinachobaki karatasi ya chooni ikiisha. "Kinachopenya hapa kinaweza kumkaba mtoto," alimweleza mama. Mipira mikubwa ikakwama, ikatundikwa. Njuga ndogo, iliyopakwa chembechembe za kumetameta, ikapenya na kulia cheng'i.

"Hiyo weka juu ya kabati," mama akaamuru.

"Sawa, mama," Kiranja akaitikia, akaidumbukiza katika kiatu cha baba. Alitaka tu kumsikia mzee akitembea kwa muziki.

Baadaye mama akapapasa juu ya kabati. "Mbona njuga siioni?"

Kiranja akanyatia hadi kwenye kiatu cha baba. Kitupu. Akakung'uta cha pili. Kitupu. Baba alikuwa kochini, miguuni soksi tu. Basi nani kaichukua? Akamgeukia Tingatinga. Tingatinga alikuwa anatafuna.

"Kaimeza!" mama akapiga ukelele.

"Mpindueni kichwa chini!" bibi, aliyeketi kando ya baba, akadakia.

Baba akamfungua mtoto kinywa. Biskuti.

"Labda imeshashuka," mama akasema.

"Mbona anacheka?" baba akauliza.

"Wewe ungecheka na njuga tumboni?" bibi akamjibu.

Kiranja hakujua tena kama aliificha kweli au aliota.

"Hospitali!" Baba akavaa viatu, akanyakua funguo. Tingatinga akamfuata. Cheng'i. Wote wakaganda. Hatua nyingine: cheng'i.

"Yarabi salama! Tumbo linalia!" bibi akashika kichwa.

Mama akainamisha sikio, akasikiliza, kisha akafungua nepi. Njuga ikadondoka, haina hata haya.

Walicheka mpaka machozi. Mama ndiye aliyenyamaza kwanza. "Kabati lile mimi mwenyewe napandia kiti. Huyu kalifikiaje?"

Baba alikuwa amevua kiatu, anakodolea soksi yake. "Na mimi mguu wangu unametameta kwa nini?"

Macho yote yakamwangukia Kiranja. Akakitazama kibomba chake kana kwamba angeweza kupenya humo akatoroka.

"Niliitia kwenye kiatu," akasema, sauti ndogo kuliko njuga. "Nilisahau kwamba viatu hukaa sakafuni."