Kiburu cha Basili

Vumbi lilikuwa la dhahabu, Mektrida. Paa la ghala lilikuwa na matundu, na asubuhi jua lilipoinuka juu ya msitu wa Rau miale ilishuka kama kamba, na ndani ya kila kamba vumbi la maganda ya kahawa lilicheza lenyewe, bila kufundishwa na mtu. Ninyi mlisimama chini yake pekupeku, vijana kumi na mmoja, mkivuta pumzi kwa hesabu ya nane na kuitoa kwa hesabu ya nane. Nami nilisimama mlangoni na daftari langu, nikiamini kwamba nawafundisha kitu.

Mimi si mtu wa kukasirika haraka. Miaka kumi na minne nilikuwa mpima kahawa katika ghala lile lile, na mpima kahawa mwenye hasira hupima vibaya. Unasubiri mshale utulie. Mkulima akusemeshe, mvua ianze, lori lipige honi, wewe unasubiri mshale utulie. Jambo hili nimelipima mwaka mzima kabla ya kukuandikia. Nimelipima, nikalipima tena. Mshale umetulia. Nimekasirika.

Soko lilipofunguliwa, ghala lilifungwa. Wanunuzi binafsi walipanda na magari yao mpaka vijijini, chama chetu cha ushirika kikabaki na mizani bila mzigo, watu wakang'oa mibuni wakapanda nyanya. Mimi nikaachiwa funguo nilinde kuta. Sokoni, katikati ya mitumba, nilikuta kitabu kisicho na jalada kinachoeleza namna ya kusimama jukwaani, namna ya kuanguka bila kuumia, namna ya kuitoa sauti tumboni ifike ukuta wa mwisho. Kilikuwa cha Kiingereza. Nilikisoma kwa kamusi, ukurasa mmoja kwa juma. Nilipofika ukurasa wa arobaini nilikuwa na wanafunzi wanne. Nilipokimaliza mlikuwa kumi na mmoja.

Nani mwingine angewafundisha? Chuo kilikuwa mbali, na ada yake mbali zaidi. Televisheni ilikuwa imeingia nchini, kanda za video zilikuwa zimeanza kuja kutoka Dar es Salaam, na kumbe kulikuwa na watu wanaolipwa kwa kulia mbele ya kamera. Nikawaambia kwamba hata wa kwetu watalipwa. Nilisema taratibu, kama ninavyosema kila kitu, na mkaniamini kwa sababu sikupaza sauti.

Wewe uliteremka kutoka Kibosho kwa miguu, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, viatu mkononi usivichakaze. Mudrik, mtoto wa mjini, wa Njoro, alikupokea kwa utani siku ya kwanza, akakuuliza umekuja kuigiza au kuuza ndizi. Ukamjibu kwamba za kuuza zimekwisha, zimebaki za ng'ombe, kama ana njaa aseme. Ghala zima lilicheka. Nami nilicheka, kisha nikafungua daftari nikaandika: Mektrida. Ana pumzi ndefu. Ana macho. Anasema kama kwao.

Hilo la mwisho nililiandika katika safu ya makosa.

Miaka minne nilikusafisha. Ile sauti ya kwenu inayopanda mwishoni mwa sentensi, kama mtu anayepanda mlima na ndoo kichwani, niliishusha. Ulisema zahabu, nikakurudisha kwenye dhahabu mara mia. Nilileta redio, nikaiweka juu ya mizani, tukamsikiliza msomaji wa habari, nawe ukasema nyuma yake, na nyuma yake, na nyuma yake. Mudrik alisema vile bila kujaribu, nikamweka mbele yako kama kioo. Na mimi ni wa Uru, Mchaga kama wewe, Mektrida. Mama yangu alikufa akisema zahabu. Sauti niliyokuwa nayo niliiazima, nikakuazimisha na wewe, nikachukua ya kwako nikaifungia, nikadhani nimekutendea wema.

Nimelipima hilo pia. Ni zito.

Mwaka wa tano nilimtaka kila mmoja wenu atengeneze kipande chake cha dakika tisa. Wenzako walileta walevi na wachungaji. Wewe ulimleta bibi yako, Bibi Yuditha, na siku aliyoletewa habari za mwanawe Basili, baba yako, aliyefukiwa na udongo machimboni ukiwa na miaka tisa. Ilikuwa siku ya baba kurudi nyumbani. Bibi alikuwa amempikia kiburu, ndizi na maharage yaliyopondwa pamoja mpaka yakashikana, kama Basili alivyopenda. Habari ilipofika hakupiga kelele. Alikata jani la mgomba, akafunika chungu, akakaa kando yake jikoni, akaanza kusema na mwanawe. Kwamba kiburu chake amekifunika. Kwamba kitapoa, lakini amekifunika. Kwamba njia ina matope, aje polepole. Ulikuwa umelikumbuka kila neno. Bibi alikuruhusu ulichukue.

Mimi nilichukua kalamu. Palipoandikwa kiburu nikakata, nikaandika chakula. Watu wa Dar hawataelewa, nilikuambia, na ukaitikia, kwa sababu ulikuwa mwanafunzi mzuri.

Walikuja mwaka elfu mbili na mbili, watu watatu wa filamu kutoka Dar, wakapanga ukumbi wa hoteli mjini. Sitawasingizia. Mwongozaji alikuwa kijana mwenye adabu, aliniamkia shikamoo, akaagiza maji kwa ajili yenu wote. Mudrik alitangulia, wakamshukuru. Kisha wewe. Niliiona pumzi ikishuka mpaka tumboni, niliyaona mabega yakilegea, nikajua kwamba kila asubuhi ya miaka mitano ilikuwa imesimama pale na miguu miwili. Ukamwambia Basili kwamba chakula chake umekifunika.

Sentensi ya tatu, mwongozaji akainua mkono.

Aliuliza kama wewe ni Mchaga kweli, mbona lafudhi haisikiki. Akaeleza, kwa upole, kwamba wanatafuta hausigeli wa Kichaga, wa kuchekesha. Akauliza chakula hicho kwenu kinaitwaje. Ukasema, kiburu. Mmoja wa wale watatu akacheka puani. Basi mwongozaji akakuomba uyaseme maneno yale yale, kama nyumbani.

Ukageuka ukanitazama. Mektrida, ulinitazama mimi. Nami niliitikia kwa kichwa.

Ukafungua mdomo, na bibi yako akaingia ukumbini. Ile sauti niliyoifungia miaka minne haikuwa imekonda hata kidogo. Ilipanda na ndoo yake kichwani, ilikuwa na matope ya njia na moshi wa jikoni, na kwa mara ya kwanza tangu nikufahamu hukuwa unaigiza. Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Wakakuchukua pale pale.

Hasira yangu ilianzia hapo, ila sikuitambua. Ilifanana na furaha. Nilirudi ghalani nikifagia na kuimba. Mwanafunzi wangu amepata kazi! Niliwaambia wauza nyanya, nilimwambia fundi wa baiskeli, nilimwambia padri.

Ninyi mnaoishi kwa vicheko vya watu wengine, nawaulizeni kwa upole: mlikuwa na mwanamke mbele yenu aliyekuwa akimfunikia chakula mtu aliyekwisha kufa, mkasikia lafudhi tu? Pua zenu zilipita juu ya chungu kile zisinuse kitu? Nchi nzima sasa inauza na kununua, kila kitu kimewekewa meza barabarani, na sikuwakatalia hilo, na mimi nilitaka watoto wangu wapate nafasi mezani. Lakini aliyekuja na kilio, mkamnunua kwa ajili ya kicheko. Hata kahawa mbovu hatukuipima hivyo.

Kanda ilipotoka, Filbert, jirani yenu, alileta televisheni, deki ya video na betri ya gari nyumbani kwa bibi. Watu walijaa uani mpaka kwenye migomba. Nilikuwepo, nilipewa benchi la mbele, kwa kuwa mimi ndiye mwalimu. Tukakuona. Wewe hausigeli, mbwa wa tajiri amekula kiburu ulichojipikia, nawe umekaa kando ya sufuria tupu unakililia. Kiburu changu, nilikifunika. Kingepoa lakini nilikifunika. Maneno yale yale, pumzi ile ile. Wajomba zako walicheka, shangazi zako walicheka na kupigana mapaja. Sikuwalaumu, walikuwa wanakupenda, walikuwa wanakuona ndani ya kioo.

Bibi Yuditha hakucheka. Alivuta kigoda chake mpaka karibu na kioo, akainama, akauliza bila kumtazama mtu:

"Wanacheka nini? Mimi si nilikuwa nalia?"

Filbert aliinuka akachomoa waya wa betri.

Nilikupigia simu Dar, nikakuambia nimewakasirikia watu wale. Ukasema, taratibu, kwa sauti safi ya redio niliyokupa:

"Mwalimu, wao walicheka tu. Wewe ndiye uliyenifuta."

Ukaongeza kwamba kazi unayo, sehemu ya pili inaanza Januari, na kama nina jukwaa jingine nikuonyeshe. Sikuwa nalo. Mudrik nilipomsimulia aliniambia hasira yangu ni nzuri sana, ila yeye haimpi kazi. Alisema kweli. Nilikuwa na ghala, na matundu, na kitabu kisicho na jalada.

Jumapili ile nilikata jani la isale kwenye mpaka wa shamba, nikalifunga fundo, nikapanda Kibosho. Kwetu mtu akija na isale mkononi, hata awe amemwaga damu, humfukuzi kabla hujamsikia. Nilimwamkia Bibi Yuditha shikamoo, akaitika, nikapiga goti nikaeleza kosa langu lote kwa mpangilio, la kwanza, la pili, la tatu. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono ndani ya khanga. Kisha akaniuliza kama nimemaliza kusoma habari.

Nikaanza upya kwa Kichaga. Niligugumia. Maneno yalitoka na sauti ya mama yangu, nikaona aibu, halafu nikaona aibu kwa kuona aibu. Ndipo mkono wake ulipotoka kwenye khanga ukalipokea jani.

"Nimelipokea," alisema. "Lakini yule mtoto walimkata katikati. Msiba hauachwi nusu. Mlete amalize."

Desemba kila Mchaga hurudi nyumbani, nawe ulirudi. Stendi watoto walikufuata wakikulilia kiburu chao, ukawapungia mkono na kucheka nao. Niliona jinsi kicheko kile kilivyokaa usoni mwako baada ya wao kuondoka, kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Nilipokuambia bibi anakusubiri ghalani, ulitaka kujua kwanza unatakiwa useme kwa sauti ipi. Nikakujibu kwamba hilo silijui, na kwamba sikupaswa kamwe kujifanya nalijua.

Bibi alikuwa ameketi peke yake mbele, kwenye kiti tulichoazima kwa padri. Nyuma yake wanafunzi wangu wapya, Mudrik, Filbert na majirani aliowaleta kwa gari lake. Ulivua viatu. Ukasimama.

"Basili," ulisema, "kiburu chako nimekifunika."

Kijana mmoja aliyeiona kanda akacheka. Sauti yako haikuyumba. Ukapita juu ya kicheko chake kama mtu anavyoruka mfereji, ukaendelea, sentensi ya tatu, ya nne, ya kumi. Njia ina matope, Basili. Nimekuwekea maji ya miguu. Ilikuwa sauti ya nyumbani na ilikuwa na pumzi ya miaka mitano chini yake, ikafika ukuta wa mwisho bila kupandishwa. Yule kijana alikuwa ameinamisha kichwa.

Ukafika pale wanawake wa jirani walipoingia jikoni. Pale kipande chako kilipoishia siku zote, kwa sababu siku ile ya msiba walikushika mkono wakakutoa nje, nawe hukujua kilichofuata. Na kutoka kwenye kiti cha mbele Bibi Yuditha akasema, chini kabisa, kama anayemkumbusha mtu njia:

"Walipolala, nikakila mwenyewe. Kilikuwa kimepoa."

Ukayapokea maneno yale kutoka mdomoni mwake, ukayasema kwa ukuta wote, kwa paa lote.

"Nikakila mwenyewe, Basili. Kilikuwa kimepoa."

Hapakuwa na kamera, Mektrida. Nasema hivi bila kupaza sauti, nami nina hasira ambayo sijui nitaiweka wapi. Januari umekwenda kukaa tena kando ya sufuria yao, na nchi itakucheka, na utalipwa, na sikukatazi, maana sina cha kukupa badala yake. Lakini lile nililoliona mimi, hakuna mtu kati ya Tanga na Kigoma atakayeliona. Walikuwa nalo mikononi. Waliinua mkono sentensi ya tatu.

Hakuna aliyepiga makofi. Jua lilikuwa limehamia magharibi, upande wa Kwa Sadala, na mwanga uliobaki ndani ulikuwa wa kijivu. Vumbi halikucheza. Lilishuka polepole, likatua juu ya mabega yako, juu ya kilemba cha bibi, juu ya vichwa vyetu sote, na tukaliacha likae.